Mzee Puli, fundi wa mashine za mbao aliyemsingizia mkwewe

Saa tatu asubuhi, Mzee Puli amepiga goti mbele ya mota iliyong'olewa kwenye mashine mbovu ya kufulia nguo. Kwenye ncha ya mota amefunga kipande cha mviringo cha plaiwudi, matabaka saba yaliyogandishwa kwa gundi. Anawasha swichi, anasogeza patasi taratibu, na unga wa mbao unaanza kumwagika juu ya viatu vyake.

Macho yake hayako kwenye mbao. Ameinamisha kichwa na kuelekeza sikio.

"Puli ikikaa sawa inanguruma kama paka aliyeshiba," anasema baada ya kuzima. "Ikikaa upande inalia. Na kitu kikilia hukipigi nyundo. Unatafuta kinachokiliza."

Puli ni lile gurudumu lenye mfereji wa kupitishia mkanda, ili nguvu za mota zifike kwenye msumeno. Dukani huuzwa za chuma. Yeye hutengeneza za mbao, na watu wa mtaa walipochoka kutaja jina lake refu wakampa hilo fupi.

Karakana yake ni ule upenyo mwembamba kati ya jiko na bafu. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Meza ya kazi ni ya cherehani ya mkewe. Aliiazima miaka kumi na moja iliyopita na haijarudi. Ukutani zimening'inia beringi za pikipiki zilizopangwa kwa ukubwa kama shanga, mikanda ya pampu za maji, na jeki mbili za gari ambazo atazitumia kupandishia na kushushia meza za msumeno.

Kwa vitu hivyo vya jalalani, mzee huyu mwenye umri wa miaka sitini na mitatu ametengeneza mashine ishirini na tisa. Kumi na tisa ni meza za msumeno wa duara, sita ni randa, na nne ni za kukereza miguu ya viti na vitanda. Bei ya mashine moja ya dukani ingeweza kununua zake kumi na nne. Katika mwaka mzuri huuza nne, na fedha ya moja hulisha nyumba kwa wiki sita hivi.

Majirani ndio waliotaka aandikwe katika gazeti hili. Walisema ni fundi ambaye hajawahi kukaa darasani, na anachotengeneza hakirudi.

Alipoambiwa hivyo, Mzee Puli alifuta mikono kwa kitambaa, akavuta stuli akaketi.

"Kimoja kilirudi," alisema. "Na kama mnataka kuniandika, andikeni hicho. Hizo sifa nyingine wekeni pembeni kwanza."

Ili kisa hicho kieleweke, lazima kuanzia mbali kidogo.

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Puli alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha kupasua mbao. Kazi yake ilikuwa kuzoa unga na maganda chini ya mashine. Hakuruhusiwa kugusa hata kitufe. Mashine ilipoharibika na mafundi wakaifungua, yeye alifagia polepole.

"Nilifagia mahali pamoja mpaka sakafu ikang'aa," anasema. "Msimamizi akadhani mimi ni mchapakazi. Kumbe nilikuwa nasoma."

Usiku alichora alichokiona mchana, nyuma ya kalenda za zamani. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waliondoka na barua. Yeye aliondoka na kalenda kumi na nne.

Mtu aliyeiba elimu kwa macho huilinda kwa wivu. Mzee Puli mwenyewe anakiri hilo. Mteja akimshauri jambo hununa. Mwanafunzi hajawahi kumchukua. Mkewe anasema kuna neno moja ambalo katika miaka thelathini na nane ya ndoa hajalisikia kinywani mwa mumewe.

"Neno 'nimekosea'," anasema mama huyo huku akipepeta mchele kwa ungo wake mlangoni. "Hata akivaa shati kinyume atakwambia mshonaji ndiye aliyelishona vibaya."

Mwanzoni mwa mwaka huu, meza ya kumi na tisa ya msumeno aliagizwa na mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Mkwe huyo ni seremala, mwenye banda katika uchochoro usio mbali na hapo, likitazamana na kibanda cha kinyozi. Alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote maishani mwake: madawati arobaini ya shule.

Banda lake ni jembamba. Mbao ndefu haziwezi kuingia ila kwa upande mmoja. Kwa hiyo akaomba jambo dogo.

"Baba, ukiweza nigeuzie," alisema. "Msumeno ukae mkono wa kushoto, mota iende kulia."

Mzee Puli aligeuza. Shughuli ya nusu siku tu. Alipomaliza alijipiga kifua.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa tu na mtu aliyejifunza kwa kufagia. Msumeno wa duara hushikiliwa kwenye shafti na nati moja. Ile mistari ambayo nati huizungukia, mafundi huiita hesi. Hesi ya kawaida hukaza kwa kulia. Msumeno ukiwa mkono wa kulia wa fundi, kila mbao inayopita huisukuma nati izidi kukaza. Ukiuhamishia kushoto, msukumo uleule huifungua kidogo kidogo. Dawa yake ni kukata hesi ya kinyume, inayokaza kwa kushoto.

Kule kiwandani mashine zote zilielekea upande mmoja. Katika kalenda zote kumi na nne hakuna hata mchoro mmoja wa hesi ya kinyume.

Mashine ilifanya kazi miezi mitatu bila tatizo. Mbao za dawati la kumi na saba zilipokuwa zinapasuliwa, nati ikatoka.

Msumeno uliruka kutoka mezani, ukapita mlangoni, ukavuka uchochoro na kujikita kwenye fremu ya mlango wa kinyozi. Ndani kulikuwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Alitoka mbio na shuka la kinyozi shingoni, na hadi leo hajarudi kumaliziwa nusu ya pili wala kurudisha shuka.

Hakuna aliyeumia. Lakini uchochoro mzima ulijaa, na Mzee Puli akaitwa.

Alikuja na spana mkononi. Alichungulia chini ya meza, akapapasa shafti, akasimama. Watu walikuwa wanamtazama yeye, si mashine.

"Mashine yangu haina kosa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nati haina miguu. Haiwezi kutoka yenyewe. Huyu hakuikaza."

Watu walicheka. Mkwe alikuwa amesimama pale pale, unga wa mbao kwenye kope. Mkwe hajibizani na baba wa mke wake mbele za watu, na Mzee Puli alilijua hilo alipokuwa anasema.

"Hilo ndilo linaloniuma zaidi," anasema sasa. "Nilijua hatanijibu. Nilimpiga mtu aliyefungwa mikono."

Jioni ile kijana alikuja nyumbani. Hakuingia ndani, alikaa kwenye ngazi.

"Baba, niliikaza," alisema taratibu.

"Wewe unasema uliikaza. Chuma kinasema hukuikaza. Nimwamini nani?"

Kijana aliinuka, akaaga kwa heshima, akaondoka. Kabla wiki haijaisha, watoto wa uchochoroni walikuwa wameshampa jina: Fundi Legeza. Jina likafika shuleni kabla ya madawati. Mwalimu mkuu aliagiza kazi iliyobaki apewe mtu mwingine. Mkwe aliifunika mashine kwa turubai na kurudi kwenye msumeno wa mkono, akitengeneza milango iliyolegea na viti vilivyovunjika. Binti alikuwa akija kwa wazazi kila Jumapili na watoto wake wawili. Akaacha kuja.

Siku ya kumi na moja baada ya tukio, Mzee Puli aliifunga ile shafti, ambayo siku ile aliing'oa na kuondoka nayo pamoja na mota na msumeno, kwenye meza yake ya cherehani. Anasema alitaka kupata ushahidi wa kumnyamazisha mkewe, ambaye tangu siku ile alikuwa anampakulia chakula bila kumsemesha.

"Nilifunga msumeno upande uleule wa kushoto. Nikaikaza nati kwa spana ndefu kama mkono wangu, mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Nikapasua kipande cha mbao ngumu, nikazima. Nikawasha, nikapasua, nikazima."

Kila mara aliivuta nati kwa vidole kuona kama imecheza. Mara ya tisa hakuhitaji kuivuta. Ilidondoka, ikabingirika, ikatua karibu na kidole gumba cha mguu wake.

Alifanya nini?

Mzee Puli anaunyoosha mguu mbele.

"Niliikanyaga. Nikaifunika kwa mguu." Anatazama sakafu, mahali penyewe. "Nilikuwa peke yangu. Mke wangu yuko kisimani, hakuna hata kuku. Namficha nani? Lakini niliifunika."

Akaificha miezi mitano.

Katika miezi hiyo alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja alichotakiwa kufanya. Alimwagiza dereva wa lori kifaa cha kukatia hesi ya kinyume, kikamgharimu nusu ya bei ya mashine nzima. Alikata shafti mpya, akaikataa. Akakata ya pili, akaikataa. Ya tatu aliipaka mafuta, akaiviringisha kwenye blanketi na kuiweka chini ya kitanda. Alipokutana na mkwewe njiani, alibadili njia. Siku moja, anasema, aliingia kwenye duka la nguo za watoto wachanga na kukaa humo robo saa akipima soksi, mpaka kijana akapita.

Wa kumfichua alikuwa mkewe.

"Kila asubuhi anainama chini ya kitanda, anafunua, anatazama, anafunika," anasimulia mama. "Nikamwambia, mzee wangu, kama umeoa mke wa pili huyo chini mtoe nje, atakosa hewa."

Mzee Puli akatoa blanketi. Akaeleza. Kisha akaleta pendekezo ambalo alikuwa amelitunga kwa wiki nyingi: mama ampelekee mkwe shafti hiyo, amwambie ni zawadi, basi.

Mama hakuigusa.

"Unamtengenezea chuma," alimwambia. "Na jina lake nani atalitengeneza?"

"Nitamwita hapa nyumbani nimwambie."

"Kwani ulimtukana hapa nyumbani?"

Hayo yalizungumzwa wiki mbili kabla ya gazeti hili kubisha hodi. Mzee alitaka yaandikwe akidhani gazeti lingetosha. Watu wangesoma, na yeye angebaki ndani mpaka upepo upite. Mama aliyasikia hayo akiwa jikoni.

"Kinyozi hasomi magazeti," alisema bila kutoka nje. "Anayatumia kufutia wembe."

Kwa hiyo Jumamosi, saa nne asubuhi, Mzee Puli anasukuma toroli kuelekea uchochoroni. Ndani ya toroli kuna mota, ile shafti ya zamani, msumeno, spana ndefu, na mzigo uliofungwa kwa blanketi. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Kwenye kona anasimama, anaweka toroli chini, anajifuta uso. Safari ya dakika saba inamchukua dakika ishirini na tano.

Mkwe anapomwona anaweka msumeno wa mkono chini na kufuta stuli kwa kiganja.

"Shikamoo, Baba. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai." Sauti yake imekauka. "Naomba umeme wako. Na naomba usiondoke."

Kinyozi yuko mlangoni, mkasi mkononi. Anaona msumeno na kurudi nyuma hatua mbili.

"Mzee wangu, hicho kitu safari hii kielekeze kwako."

"Njoo wewe," anamwambia Mzee Puli. "Na waite wenzako wote waliokuwepo siku ile."

Wanakuja: fundi viatu, mama muuza mkaa, wapita njia wanaodhani kuna kitu kinauzwa. Mzee Puli anafunga mota na shafti kwenye meza ya mkwewe, na mbele ya msumeno anaegesha mbao mbili nene, ukiruka uishie hapo. Kisha anamkabidhi kinyozi spana.

"Siku ile nilisimama hapa nikasema nati haina miguu," anasema. "Leo nimekuja kuwaonyesha miguu yake. Kaza kwa nguvu zako zote."

Kinyozi, ambaye ana kifua cha mbeba magunia, anakaza mpaka anatoa mlio. Mzee Puli anawaamuru wote wasimame nyuma yake, anawasha, anapasua ubao, anazima. Anamwita kinyozi ashike nati. Imara. Anawasha tena. Ubao wa nne ukiwa nusu, sauti ya msumeno inabadilika. Anazima upesi. Kinyozi anashika nati, na inazunguka kwenye vidole vyake kama kifuniko cha chupa.

Kinyozi anakuna kichwa.

"Basi jamani, na mimi ni Legeza."

Uchochoro mzima unaangua kicheko. Mzee Puli hacheki, na anasubiri wamalize.

"Kosa ni langu," anasema. "Niligeuza mashine bila kugeuza hesi. Kijana huyu alikaza. Aliniambia alikaza. Nami nililijua kosa langu siku ya kumi na moja."

Mama muuza mkaa ndiye wa kwanza kupiga hesabu.

"Siku ya kumi na moja? Hii si ni miezi zaidi ya mitano?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Unafanya nini?"

"Naona aibu."

Muuza mkaa anamtazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Aibu ulikuwa unaila wewe, baba. Njaa alikuwa anaila yeye."

Hakuna anayecheka sasa. Mzee Puli anainamisha kichwa, na kwa muda mikono yake, ambayo haijui kukaa bure, haina pa kwenda. Fundi viatu anajaribu kumwokoa kwa kusema kuteleza si kuanguka. Mzee anatikisa kichwa.

"Kuteleza ni siku moja," anasema. "Mimi nililala pale pale chini."

Anamgeukia mkwewe na kufungua blanketi. Anaeleza kwamba hesi hii ni ya kinyume, kwamba ni ya tatu kukatwa, kwamba ameipima mara ishirini. Mkwe anaipokea kwa mikono miwili. Anapitisha kidole gumba juu ya hesi, taratibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha anairudisha kwenye blanketi.

"Nimesikia, Baba. Asante kwa kuja," anasema. "Lakini hii sitaifunga."

"Nimeipima mara ishirini, mwanangu."

"Hata ile ya kwanza uliipima."

Amelisema bila ukali, macho yakiwa chini kama ilivyo adabu. Mzee Puli anapokea maneno hayo kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akiujua uzito wake.

"Nataka nikate yangu mwenyewe," mkwe anaendelea. "Kwenye meza yako, kwa kifaa chako. Nione kila mzunguko. Nikiifunga nijue nimefunga nini."

Hakuna mtu aliyewahi kukata chuma kwenye meza ya Mzee Puli. Hata mkewe, ambaye meza ni yake, huomba ruhusa akitaka kuipangusa.

"Lini?" anauliza mzee.

"Jumatatu."

Jioni ya Jumapili, gazeti hili linamkuta Mzee Puli akihamisha vitu. Nusu ya meza iko wazi. Ameing'oa hata ile jiliwa nzito ya kubania vyuma na kuifunga upya mahali ambapo mtu mrefu kumzidi anaweza kuifikia bila kuinama. Kalenda zake kumi na nne, ambazo hajawahi kumwonyesha mtu, ziko juu ya stuli, zimefungwa kwa kamba.

Anasema ana safari mbili za kumaliza. Ya kwanza ni shuleni kwa mwalimu mkuu, na ataingia mwenyewe, hatatuma barua. Hana uhakika kama kazi itarudi, na mkwewe amemwambia asiitarajie. Ya pili ni kuzizungukia meza nyingine kumi na nane za msumeno alizouza, moja baada ya moja. Hakumgeuzia mtu mwingine yeyote, lakini anataka kuona kama kuna mteja aliyegeuza mwenyewe. Kubadilisha atawafanyia bure.

Binti yake bado hajaja. Jumapili hiyo mama aliandaa viti vitatu vya ziada, na jioni akavirudisha ukutani.

Vipi kuhusu Jumatatu?

"Akija nitasimama pale." Anaonyesha mlango wa bafu. "Akiniuliza nitajibu. Asiponiuliza nitanyamaza."

"Akikosea je?" anauliza mkewe kutoka jikoni.

"Nitanyamaza."

"Utaweza?"

Mzee Puli anafikiri. Huchukua muda, kwa kuwa siku hizi, anasema, anajaribu kutojibu kabla ya kujua.

"Akikosea ni mimi na yeye tu," anasema hatimaye. "Lakini akipatia, hapa nyumbani hapatoshi. Nitamwomba tuibebe shafti yake mpaka uchochoroni, aifunge yeye mwenyewe mchana kweupe, na nitamwita kila aliyecheka."